Samaki Waliotuhamisha Mangobo

Friji yetu ilikuwa ya sanduku, nyeupe, yenye mfuniko mzito wa kufunguliwa kwa mikono miwili, na niliipata kwa likelemba. Akina mama wa barabara yetu, komini ya Mangobo mjini Kisangani, tulichanga kila mwisho wa mwezi tukampa mmoja; zamu yangu ilipofika sikununua kitenge wala viti vya plastiki. Friji hiyo ilitulisha kwa miaka. Alfajiri nilishuka mtoni kuwapokea wavuvi Walokele wanaopanda na mitumbwi, nikanunua samaki, ngolo na mboto, nikagandisha, nikauza kidogo kidogo siku ambazo soko limekauka. Barafu niliwauzia wavuvi wale wale. Mshahara wa baba watoto, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, uliishia kwenye kodi ya nyumba. Chakula, ada za shule na dawa ya presha ya mama mkwe vilitoka ndani ya friji.

Kwa hiyo kabini (transfoma) ya umeme ya mtaa ilipolipuka, usiku wa kuamkia matanga ya jirani, nyumba nzima ilisimama. Samaki wa matanga walikuwa kwetu. Familia ya marehemu ilikuwa imelipa nusu ya bei, na mfuniko ulikuwa haufungi vizuri kwa wingi wao.

Kisangani tumezoea giza. Bwawa la Tshopo lilianza kuzalisha umeme miaka ya 1950, na mitambo yake mitatu yote pamoja haifiki megawati 20. Lilijengwa kwa ajili ya Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, na leo mji una watu zaidi ya milioni moja. Mgao wa umeme tuliijua ratiba yake kama tunavyojua saa za kanisa. Kabini ikiungua, habari ni nyingine: hakuna ratiba. Wakaaji wanachangishana nyumba kwa nyumba, daftari linapita, wenye uwezo wanatoa, wasio na uwezo wanajificha, na friji zinanuka.

Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Koko, alitoka chumbani na kitambaa chake kichwani akatutazama tukiwa tumeduwaa. "Samaki haingoje mutu," alisema. "Washeni moto."

Yeye ni Mlokele wa mtoni, na kukausha samaki kwa moshi alikujua kabla hajajua kusoma. Tulitega nondo na wavu wa waya juu ya mawe uani. Makala (mkaa) ya akiba yaliisha kabla ya saa tano. Makala ya Kisangani hufika kwa baiskeli kutoka barabara ya Buta na vijiji vingine vya mbali, magunia yamefungwa hadi juu ya kichwa cha msukumaji, na kadiri msitu unavyorudi nyuma ndivyo gunia linavyopanda bei. Majirani walituazima ya kwao. Yalipoisha hayo tulichoma mbao za kitanda kilichovunjika. Karibu na saa nane mvua ikashuka, ile mvua yetu ya ikweta isiyo na msimu, tukabeba moto, wavu na samaki tukaviingiza barazani. Plafoni, yaani dari, ya baraza ilikuwa ya mbao nyembamba. Kabla ya kupambazuka ilikuwa inawaka.

Barabara nzima iliamka. Wanaume walipanda kwenye viti, akina mama walipitishiana beseni, na maji yote ambayo watoto walikuwa wameteka kwenye chemchemi jioni, wakipanga foleni na madumu, yalimalizikia darini. Moto ulizimika. Nusu ya samaki walikuwa majivu na matope. Tuliwaosha waliobaki, tukawarudisha kwenye moshi, tukawapeleka matangani tukiwa hatujaoga. Mjane hakudai hata faranga moja. Alipakua lituma ya ndizi na samaki kwenye sahani, akatutumia sisi kwanza, kabla ya wageni wake. Watu wa Mangobo ni hao, na kila ninaposikia mtu akisema mji umeharibika namkumbuka mama huyo.

Mwenye nyumba alifika adhuhuri. Hakufoka. Aliitazama plafoni kwa muda mrefu, kisha akamwambia baba watoto kwamba itengenezwe kwa gharama yetu, na kwamba mwaka mpya kodi ingepanda, kwa dola, pamoja na miezi mingine ya garanti, yaani amana ya nyumba. Kuna mfanyabiashara alikuwa tayari kulipa bei hiyo siku hiyo hiyo. Naye ana watoto wa kusomesha; sitamfanya mtu mbaya.

Jioni ile baba watoto alifungua daftari lake. Mshahara wake ni wa faranga, kodi ni ya dola, na kila dola inapopanda sisi tunapungukiwa bila mtu yeyote kutupunguzia. Aliandika kodi, garanti, plafoni, mchango wa kabini. Akaandika makala. Hapo alisimama, akahesabu tena, maana makala peke yake yalikuwa yanakula zaidi kuliko tulivyokuwa tunakula sisi samaki. Friji bila umeme haikuwa na mstari kwenye daftari. Ilikuwa upande wa mapato, na upande huo sasa ulikuwa mweupe.

Koko alisikiliza akiwa amekaa mkekani. Mwanamke huyu hakuwahi kuukimbia mji. Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya Kisangani, yeye alikuwa akiishi komini ya Tshopo, karibu na daraja, mahali palipopigwa vibaya kuliko pote. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji katika siku zile sita, na mamia ya raia wakafa. Alilala chini ya kitanda na watoto wake, akanywa maji ya mtungi mpaka yakaisha, na vita vilipokwisha alifagia uwanja akaenda sokoni. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo na vinginevyo vya miaka ile. Redio ilipotangaza, Koko aliuliza tu kama fedha hiyo itarudisha nyumba ya jirani yake. Basi mtu huyo, ambaye majeshi mawili yalishindwa kumtoa, ndiye aliyesema usiku wa daftari: "Twende kwetu. Huku tunanunua mpaka moto."

Nimelifikiria sana neno lake. Wanaoandika kuhusu miji yetu hutafuta sababu kubwa: vita, maradhi, njaa. Mimi nimeona watu wakivumilia hayo yote wakabaki. Kinachowaondoa ni vitu vya jikoni vinapoungana: makala, maji, kabini, garanti. Hakuna gazeti linaloandika siku ambayo gunia la makala limezidi mshahara wa juma. Kwenye barabara yetu seremala alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende. Muuguzi yuko Kampala. Familia ya kona ilishuka na boti hadi Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 za mto, wakilala juu ya magunia. Hakuna aliyesema anauchukia mji.

Baba watoto huwasimulia wanafunzi wake kwamba miaka ya 1950 mtafiti Valdo Pons aliishi Stanleyville akichunguza jinsi watu walivyokuwa wakiishi mtaani, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Mji ule ulikuwa unavuta watu. Walokele, Watopoke, Wababua, kila kabila lilikuwa na watu wake wa kumpokea mgeni. Baba yake Koko alikuja hivyo, kwa mtumbwi. Sasa sisi tulikuwa tunatafuta njia ile ile ya mto, kwa kufuata maji.

Palikuwa na shamba la upande wa mama kule ng'ambo ya kushoto ya mto, nyuma ya Lubunga, karibu zaidi. Huko hakukuendeka. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulikuwa umegeuka mauaji. Vijiji vilichomwa na watu maelfu wakavuka kuja mjini. Shangazi wa baba watoto alikuwa kwetu tayari, na wajukuu wake, wakilala sebuleni kati ya friji na meza. Wakati sisi tunapanga kuondoka, wenzetu walikuwa wanatuomba tuwaachie chumba. Hilo liliniumiza kuliko plafoni. Mwishowe shangazi alihamia kwa ndugu mwingine, Kabondo, na sisi tukaamua kwenda kijiji cha Koko, mbele ya Yangambi, kama kilomita mia moja kushuka mto. Kaka yake alituma habari: uwanja upo, nyumba ya udongo inahitaji majani mapya, kodi hakuna.

Siku ya kuhama, friji ilikataa kutoka. Tulikuwa tumeiingiza kupitia mlango wa mbao. Baadaye mwenye nyumba aliweka mlango wa chuma wenye fremu nyembamba. Tuliigeuza ubavu, tukaisimamisha, tukaitoa mfuniko. Hatimaye fundi akaja na tindo akavunja ukingo wa ukuta, na gharama ya ukuta ikakatwa kwenye garanti, ambayo plafoni ilikuwa imeila karibu yote. Wasukumaji wa pusi-pusi, mkokoteni wa mzigo, waliifunga kwa kamba pamoja na cherehani ya Koko na masufuria. Gurudumu lilipasuka kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Vijana wa toleka waliegesha baiskeli zao wakaja kuinua, bila kuulizwa, na mmoja wao alibeba cherehani kichwani hadi majini.

Ilikuwa mwezi wa pili, maji yako chini. Boti ya mbao ilijaa chumvi, sabuni, saruji na watu. Tulipita Yakusu, misheni ya Wabaptisti, ambako Koko alizaliwa hospitalini, na akatusimulia tena jinsi ngoma za Walokele zilivyokuwa zikituma habari kutoka kijiji hadi kijiji. Mbele ya hapo tukapanda fungu la mchanga. Wanaume waliteremka wakasukuma, maji yakiwafika kifuani. Boti haikutikisika. Nahodha alitazama mizigo, akanyoosha kidole kwenye friji: sanduku tupu, zito, lisilo na kazi huko tunakokwenda, litupwe.

Koko alisimama, akavuka magunia, akakaa juu ya mfuniko. Alimjibu nahodha kwa Kilokele, polepole, akamuuliza mama yake ni wa wapi. Nahodha alijibu. Koko akamtajia bibi yake, na kijiji, na mti uliokuwa mbele ya nyumba yao. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena juu ya kutupa kitu. Walishusha mifuko ya saruji kwenye mtumbwi mmoja uliopita, boti ikaelea, na tulifika usiku, watoto wamelala juu ya masufuria.

Yangambi ni mahali panapohuzunisha na kupendeza pamoja. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi yao ya utafiti wa kilimo, na hapa pakawa makao yake makuu: maabara, nyumba za matofali, mashamba ya michikichi. Leo taasisi hiyo inaitwa INERA, msitu umekaribia kuta, na bado kuna watafiti wanaofanya kazi kwa bidii kubwa. Mpunga wetu unaota vizuri. Friji sasa ni ghala la mbegu, panya hawaingii. Kuni tunaokota. Samaki nanunua mtoni kwa bei ambayo Mangobo ningeilipia mkia tu. Nawakausha kwa moshi na kuwapandisha Kisangani na boti, nao akina mama wa likelemba yangu wanawauza sokoni. Mji tulioukimbia bado ndio unaotununulia chumvi.

Lakini sitaki msomaji adhani tumefika peponi. Mtoto wetu mdogo alishikwa na malaria usiku, na pikipiki ilihangaika na tope mpaka zahanati huku nimemfunga mgongoni, natetemeka kuliko yeye. Darasa la mtoto wetu wa kati halina madawati. Na nyumba yetu imegawanyika. Baba watoto bado anafundisha Kisangani, analala kwa ndugu yake mkubwa, Kabondo, anashuka kwetu mwisho wa mwezi, na nauli ya boti imeanza kuandikwa kwenye daftari lile lile, mstari uliokuwa wa kodi. Binti yetu mkubwa yuko Chuo Kikuu cha Kisangani, kile kilichofunguliwa mwaka 1963, mwaka wa pili wa kilimo. Anaishi chumba kimoja na wenzake watatu na anapika kwa makala ninayomtumia mimi.

Kinachonikasirisha, na nakisema wazi, ni kwamba hakuna hata moja kati ya mambo haya lisilowezekana kutengenezwa. Maporomoko ya maji yako pembeni mwa mji ule. Wagenya wanategea samaki ndani yake tangu enzi za mababu. Familia kama yetu haihitaji muujiza, inahitaji umeme unaokaa hadi asubuhi na nyumba ya kupanga inayolipwa kwa fedha ile ile anayolipwa mwalimu.

Juma lililopita binti alipiga simu. Kabini ya Mangobo imenunuliwa, kila nyumba imechanga, taa zinawaka, na nyumba yetu ya zamani sasa ina familia tatu ndani yake. Baba yake, aliyekuwa kwetu, alianza papo hapo kuuliza bei ya vyumba. Koko alichukua simu akamuuliza mjukuu wake atamaliza lini hicho kilimo, aje akilime. Wamebishana hadi betri ikaisha. Boti ya Jumatatu inapanda na magunia mawili ya makala, debe la mchele na kapu la samaki wa moshi; baba watoto anapanda nayo, na suala la vyumba hatujalimaliza.