Pole, Debe Mbili

Machi kwetu ina mambo mawili: kule Kitulo maua yanachanua, huku Makambako sisi wafanyabiashara wadogo tunanyauka. Tarehe 31 ndiyo mwisho wa kulipa robo ya kwanza ya kodi, na kabla ya hapo lazima ukadiriwe.

Mimi nauza viazi mviringo vya kutoka vijiji vinavyopakana na Kitulo, upande wa Makete. Wateja wa Dar es Salaam hudhani vimechimbwa mle mle hifadhini, katikati ya okidi. Siwasahihishi. Pale ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ukithubutu kulima utavuna askari.

Mwaka 2023 mauzo yangu yalikuwa kama milioni 6. Kwa viwango vya wakati ule, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani kwangu 60,000. Daftari tu lingeniokolea 40,000.

Jirani yetu mmoja mhasibu, kijana anayevaa koti la suti juu ya sweta, akaniambia atanipangia hesabu kwa 50,000. Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nitoe 50,000 niokoe 40,000? Mimi Mkinga bwana, hesabu ya namna hiyo nimezaliwa nayo.

Nikajipeleka mwenyewe ofisi ya kodi na kauntabuku langu, limelowa upande mmoja kwa kulala chini ya magunia. Mbele mauzo, nyuma michango ya harusi, katikati mwanangu wa darasa la nne kafanyia zoezi la sehemu na kukosa yote.

Afisa alikuwa binti mpole. Akaniamkia, akafungua, akakunja uso.

"Baba, hapa pameandikwa 'Shemeji, pole, 20,000'. Ulimuuzia nini?"

"Sikumuuzia, mwanangu. Alifiwa."

"Na hii 'Shemeji, pole, gunia moja'?"

"Alifiwa tena. Ulikuwa mwaka mbaya."

Akafunua kurasa mbili tatu. "'Lumbesa 3' je? Ni magunia mangapi?"

Nje mvua na baridi, mimi jasho linanitoka. Lumbesa ni gunia lililovalishwa kilemba mpaka likapita kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawataki hata kulisikia. Nikisema ni magunia matatu ya kawaida, bei niliyoandika inanisuta. Nikisema kweli, nimefuata nafuu ya 40,000 kwenye ofisi hii nikakiri kosa la ofisi nyingine.

"Lumbesa ni mteja wangu," nikasema.

"Anakuja kila wiki?"

"Anauza chipsi."

Akanitazama kwa huruma. "Baba, hata sisi kwetu tunalima viazi."

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akanikadiria 100,000: 25,000 kila robo mwaka.

Mwaka uliofuata nikamfuata mhasibu, kichwa chini. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanichorea mistari: tarehe, kilo, bei. Michango ikapewa daftari lake, mtoto naye lake. Kwa hesabu yangu ya Kikinga bado nilikuwa nimeliwa 10,000, maana 60,000 na 50,000 ni 110,000. Kumbe nilichosahau kupiga ni kwamba mistari huchorwa mara moja, kodi huja kila mwaka.

Siku ya kumlipa sikuwa na taslimu ya kutosha, nikampa 30,000 na debe mbili za viazi. Usiku tukabishana na mke wangu, daftari jipya limefunguliwa mezani: hizi debe mbili ni mauzo au ni matumizi? Mimi nikasema mauzo, yeye akasema matumizi, chai ikapoa. Mwishowe akanipokonya kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri, ndani ya mistari kabisa:

"Mhasibu, pole, debe mbili."