Chatu Kagoma, Bwana Kakonda

Huko Marekani na Uingereza, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule wa Ghana, Togo na Benin, anayefugwa nyumbani akikataa panya wiki ya tatu, nyumba nzima huwa matanga. Panya aliyegandishwa anayeyushwa, anapashwa moto, anatikiswa kwa koleo mbele ya pua ya mheshimiwa, naye mheshimiwa anageuza shingo. Lakini mgonjwa hapo ni nani? Chatu hatumii chakula kuupasha mwili joto kama sisi. Hutegemea joto la nje. Matumizi yake basi ni madogo, na mkubwa mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula, hasa dume katika msimu wa kupandana. Akigoma, mara nyingi analalamikia makazi: upande wa joto haujafika nyuzi 31, hana pango la kujificha, na kila saa kuna mkono unaomfunua kumjulia hali.

Mtasema: je, akiwa anaumwa kweli? Hoja ni ya haki, na jibu lake ni mizani. Akipungua uzito mfululizo, au akitoa makamasi mdomoni, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kumwachia panya hai usiku kucha si dawa; panya mwenye njaa humtafuna nyoka. Pimeni joto, mwekeeni pango, kisha mwacheni apumue. Anayeweza kufunga miezi hahitaji kubembelezwa na mtu asiyeweza kuruka chakula cha mchana.