Ilikuwa Inatembea

Ieleweke kwanza: saa yangu ilikuwa inatembea. Kidirisha chake cha tarakimu kilikuwa kimefifia, ukitaka kukisoma uinamishe mkono kama unamimina chai, lakini mishale ilikuwa inatembea. Nikajifanya mtu makini, nikaipeleka Kariakoo ibadilishwe betri kabla haijazima.

Kijana wa Mtaa wa Msimbazi alibandua kifuniko kwa kisu alichotoka kumenyea chungwa. Akachomoa betri kwa ukucha, akachokoa nyingine kwenye kopo lililojaa skrubu, akaibana ndani kwa kidole gumba chenye maji ya chungwa. Elfu tatu. Mshale wa sekunde ukaruka mara moja, ukatulia.

"Itashtuka tu, mzee. Inaizoea betri mpya."

Siku ya tatu ilikuwa bado inazoea.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mama watoto: "Si una simu?" Hajawahi kukaa dirishani kwenye daladala la Gongo la Mboto jioni, achomoe simu eti anatazama saa. Shemeji akashauri niipigepige kwenye goti. Saa haikutembea, goti linauma mpaka leo. Binti yangu akanieleza kwamba ndani kuna kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa namba hiyo kwa mbili mara 15 unabaki na moja, na hiyo moja ndiyo sekunde yenyewe. Niligawa nyuma ya risiti ya LUKU. Kweli, inabaki moja. Kwangu haikubaki hata hiyo.

Nikaifungua kwa bisibisi ya miwani. Humo kuna koili ya waya mwembamba kuliko unywele, ukiukwaruza ukakatika, basi saa imekwisha. Hilo nililijua bisibisi ikiwa tayari imeingia. Nikafunga polepole, kama mtu aliyekosea mlango wa choo.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mzee mmoja Temeke, fundi saa wa lenzi jichoni. Akaisoma betri, akaguna. "LR626. Hii weka kwenye mdoli unaolia." Akafuta utomvu wa chungwa, akaweka SR626SW kwa kibano cha plastiki, bila kuigusa kwa vidole. Kimya. Nikaikumbuka bisibisi yangu, nikatazama barabarani.

Akavuta taa, akanionyesha herufi mbili pembeni ya betri: AC. Akachukua kibano cha chuma, ncha moja pale, nyingine juu ya betri, akahesabu moja, mbili. Tik. Tik. Kumbe saa za namna hii zina ubongo, na baada ya kubadilishiwa betri, nyingine hubaki zimeduwaa mpaka zizinduliwe.

"Mbona imeandikwa humu humu," akasema. Imeandikwa, ndiyo, kwa herufi za ukubwa wa yai la chawa.

Elfu tano. Kisha akaniuliza sasa hivi ni saa ngapi ili airekebishe, nikachomoa simu.

Mishale sasa haina neno. Tarakimu ndizo zilizorudi Januari mosi. Nilipobonyezabonyeza vitufe kuzitoa huko, nikawasha kitu ambacho sijui kukizima: kila saa ikitimia, inalia mara mbili. Imelia kwenye kikao cha harusi, imelia msibani wakati wa dua, na saa nane za usiku huu imelia chini ya mto.

Mama watoto ananishauri niitoe betri.