Minazi ya Kasulu

Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na tangu hapo vitabu vya picha vya Kiswahili vimeongezeka. Hongera. Ila mtoto wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, akifungua kitabu kipya, asishangae kukuta minazi, jahazi na daladala. Migomba, maharage na vilima vya Buha vimekosa nafasi, labda karatasi iliisha. Mtaniambia kitabu kazi yake ni kumpanua mtoto mawazo. Sawa kabisa, basi na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, apanuliwe kwa muhogo wa Kasulu. Au wa pwani huzaliwa wamekwisha kupanuka? Wala msisingizie kwamba picha za Kasulu hazipo. Zipo tele, za mahema ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996, nazo hupamba ripoti za wafadhili, yaani vitabu vya picha vya watu wazima.