Chawa Aombwe Radhi

Tanzania ya leo, mtu anayeandamana na mwanasiasa au msanii huku akimmwagia sifa ili naye aambulie chochote huitwa chawa. Wengine hujitangaza wenyewe, tena kwa majivuno. Aliyedhalilishwa hapo ni mdudu.

Mwenye shaka amtazame pimbi. Mnyama huyu wa majabali ana aina kadhaa za chawa ambao huwakuti kwa mnyama mwingine. Chawa wa pimbi amebapa kama aliyekaliwa, na kichwani ana mfereji unaokumbatia unywele mmoja. Humo manyoyani huzaliwa, humo hugandisha mayai yake, humo hufa. Pimbi akifa, chawa hana pa kwenda. Siku chache tu naye anamfuata. Chawa gani wa mjini amewahi kuzikwa pamoja na bosi wake?

Panya ana mgeni wa tabia nyingine. Kiroboto ni mpangaji wa nyumba zaidi kuliko wa mwili. Mayai yake hudondoka tunduni, na mabuu hula kinyesi cha wazazi wao, ambacho ni damu iliyokauka. (Malezi ya ajabu, lakini watoto hawalali njaa.) Ndiyo maana swala, asiye na tundu wala kiota, si makazi mazuri kwa viroboto.

Tatizo huanza panya anapopoa. Kiroboto haombolezi, anaruka kutafuta mwili wenye joto. Mwaka 1898, mjini Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alimweka panya mgonjwa wa tauni karibu na panya mzima, wavu ukiwatenga wasigusane. Mgonjwa akafa. Siku chache baadaye yule mzima naye akafa kwa tauni, kwa kuwa viroboto walikuwa wamekwisha kuhama. Wenzake Simond hawakumwamini.

Wilayani Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tauni iliingia mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti wakatega panya, wakawalaza kwa dawa na kuwachana manyoya juu ya beseni jeupe ili wahesabu vidoa vyeusi vilivyodondoka, yaani viroboto. Kwa haki, kiroboto naye ana utetezi wake: vijidudu vya tauni humziba koo asiweze kumeza, na akiuma tena na tena huwa ni kwa njaa.

Kupe hana haja ya maneno mengi. Akiwa mchanga mwenye miguu sita, baadhi ya aina hula kwa panya, zikashiba na kujiangusha; ukubwani, zikiwa na miguu minane, huhamia kwa ng'ombe. Enzi za Ujamaa mnyonyaji aliitwa kupe, na jina lilimkaa.

Nzi wa popo ndiye anayestahili ngoma na vigelegele. Jamii yake moja haina mbawa kabisa, inakimbia manyoyani kama buibui. Jike hatagi mayai: hubeba buu mmoja tumboni, humlisha maziwa ya tezi zake hadi akomae, ndipo humzaa na kumbandika ukutani mwa pango, kisha hurudi kwa popo wake.

Basi anayehamia kambi mpya siku ileile bosi alipotenguliwa aitwe kiroboto. Pimbi anaweza kupoa juu ya jabali tangu alfajiri, na chawa wake akawa bado ameshika unywele uleule.