Saa Moja ya Simu, na Zile Tatu Je?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo afadhali. Sehemu hiyo wazazi wa Ruiru tunaikariri kama Baba Yetu. Lakini mwongozo huohuo una sharti jingine ambalo sijasikia likitajwa kanisani wala kwenye chama: mtoto huyo acheze, akimbie na kuruka, jumla ya saa tatu kila siku.

Saa tatu. Wapi?

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, upande wa Kamakis. Ploti imejengwa ikajaa hadi ukutani, na upenyo uliosalia umegawanywa kati ya magari ya wapangaji na tangi la maji. Langoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: MPIRA HAPANA. Kitinda mimba wangu ana miaka 4 na bado hajui kusoma, ila maandishi hayo anayajua vizuri, kwa kuwa keateka, msimamizi wa ploti, humsomea kwa sauti.

Likizo ya Novemba ilipofika, nikatangaza sheria. Simu saa moja, muda uliobaki ni michezo. Kaka yake wa gredi ya 8 akauliza kwa adabu, "Mum, tucheze wapi?" Nikawaonyesha korido.

Kabla ya saa sita mchana mpira wa makaratasi ulikuwa umeteremka ngazi zote na kutua ndani ya sufuria ya githeri ya jirani wa chini, aliyekuwa amebandika jiko lake nje ya mlango. Sijafika chini kuomba radhi, picha ya sufuria iko tayari kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, na keateka ameandika: "Wazazi, tulizeni watoto." Mtoto wa miaka 4 aliyefungiwa ghorofa ya tatu hutulizwa kwa njia moja tu. Keateka mwenyewe anaijua. Wa kwake alikuwa nayo mkononi, ameinamia katuni.

Siku hizohizo mwalimu wa PP1 wa kitinda mimba wangu akatuma kazi ya likizo, kwa simu bila shaka: mzazi arekodi video ya mtoto akiruka kamba nje, mbali na simu. Tulirukia kati ya magari mawili. Kila akiruka mara moja, binti anakuja mbio kujitazama, anajicheka, anataka arekodiwe tena. Saa yake ya skrini ikaisha hatujapata mruko wa kutuma.

Nikawapeleka Thika kwa mama yangu, cucu yao, mtaa wa Landless, mwendo wa kilomita kama 20. Cucu ana ua, mparachichi na kuku. Nilimwachia sheria zangu zimeandikwa vizuri. Akazikunja na kuziweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Jioni nikapiga simu kuuliza wanaendeleaje. Haikushikwa. Nilisahau kwamba jioni kuna mieleka.

Cucu ana runinga kubwa kuliko yangu na haikosi mieleka wala tamthilia. Rimoti hukaa kwenye mfuko wa aproni yake, na anayetaka katuni huambiwa runinga ina mwenyewe. Watoto wakatoka nje kwa kukosa la kufanya. Kijana akafunga bembea ya tairi kwenye mparachichi. Mdogo alifukuza kuku tangu chai hadi giza, na kwa hesabu yangu zile saa tatu alizipita kabla ya chakula cha mchana. Hasara ni kwamba amerudi Ruiru akijua kabari, na mtoto wa keateka amekuwa wa kwanza kuionja. Kundi la wapangaji limeshaarifiwa.

Ndiyo maana siku hizi naionea simu huruma. Tunaishitaki kwa kuwaiba watoto ambao sisi wenyewe tumewakosesha pa kwenda. Nyinyi mnaochimba misingi leo Kihunguro, Kimbo na Membley, bakisheni mita chache za udongo nyuma ya tangi. Mkiona ni hasara, tuongezeeni kodi shilingi mia mbili. Tutalipa, mradi yale maandishi ya langoni yafutwe.