Jumba Lililoipita Pentagon

Surat haina mgodi wa almasi. Mawe hutoka Urusi, Botswana, Angola na kwingineko, yakaingia mji huo wa Gujarat, India, bila sura wala mng'aro, na inakadiriwa kwamba almasi tisa katika kila kumi duniani hukatwa na kusuguliwa huko. Biashara hiyo imebebwa na karakana, na madalali wa mtaa wa Mahidharpura, ambao husimama barabarani, wakafunua karatasi iliyokunjwa juu ya siti ya pikipiki, wakageuza mali kwa kibanio na kupatana bei. Pango la ofisi hiyo ni petroli tu.

Wakubwa wa biashara hiyo wakaona aibu ya kuuziana barabarani. Desemba 2023 Waziri Mkuu Narendra Modi akazindua Surat Diamond Bourse, soko la almasi lenye minara 9, ofisi zaidi ya 4,000, jumba lililosifiwa kuwa na eneo kubwa kuliko Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kasoro ndogo: wenye ofisi wengi hawakuhamia, na ofisi nyingi zikabaki zimefungwa. Watetezi wanasema jengo halina kosa, wateja wamepungua Marekani na China. Sawa kabisa. Ila soko likilala, fundi anayelipwa kwa kipande ndiye anayelala njaa, na marumaru za ukumbini hazimwongezei jiwe hata moja mezani. Tena almasi za maabara zilizosaidia kuangusha bei zinatengenezwa Surat hapohapo. Hapo hata wa kulaumiwa ng'ambo hayupo. Jumba litajaa polepole, watetezi wanaongeza. Huenda. Pentagon ilijaa upesi, lakini yenyewe ilifunguliwa katikati ya vita vya dunia.